Mama Kaseti na Upande Mtupu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Mama Kaseti alifunga mlango wa kibanda chake kwa ndani, akaning'iniza blanketi juu yake, akamwambia mchimbaji aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa aanze kuimba. Mashine ya kusaga mahindi ilikuwa nyuma ya ukuta, na iliwashwa kila siku saa moja kamili. Huo ndio muda wa ukimya tuliokuwa nao. Mimi nilikuwapo kwa sababu plagi ya maikrofoni ilikuwa imelegea na ilihitaji mtu wa kuishikilia. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba na mteja wa Mama Kaseti wa miaka kadhaa. Katika watu wote aliowafahamu, alisema, ni mimi peke yangu niliyeweza kukaa bila kukohoa.

Mchimbaji alikuja na gitaa la kujitengenezea, mwili wake ukiwa debe la mafuta ya kupikia. Aliimba Kisukuma, na mara mojamoja Kiswahili, kwa sauti ya chini mno hata nikadhani anafanya majaribio. Baadaye nilielewa. Kambini kwao, upande wa Geita, wanaume hulala chini ya turubai moja, bega kwa bega, na anayetaka kuimba huimba kwa namna ambayo jirani hataamka. Kwa miaka sauti yake ilizoea hivyo, na sasa hakuwa na nyingine.

Wimbo wa sita ulikuwa katikati mashine ilipowashwa. Ukuta ulianza kutetemeka. Mchimbaji hakuacha wala hakupandisha sauti. Mama Kaseti aliniinulia kiganja, maana yake nisisogee, na wimbo ukaenda mpaka mwisho ukiwa chini ya mngurumo ule, ukisikika kama mtu anayezungumza ndani ya lori.

Mwimbaji alipolaza gitaa magotini, Mama Kaseti alikuwa tayari ameitoa kanda na kuigeuza.

"Haya, upande wa pili," alisema.

Mchimbaji aliitazama kanda mkononi mwake. "Za upande wa pili bado ziko kule, Mama," alisema, akaelekeza kidevu magharibi. "Nitarudi nazo baada ya mavuno."

Mama Kaseti aliiweka kanda rafuni, upande mmoja umejaa na mwingine mtupu. Kanda hiyo ndiyo iliyomsumbua kwa miaka iliyofuata. Lakini ili mtu aelewe kwa nini kanda ya nusu ilimsumbua hivyo, lazima kwanza nieleze alivyokuwa.

Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi ya mabasi ya Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kurekodi. Uliacha kanda tupu, ukachagua albamu kutoka kwenye rafu yake ya orijino, ukarudi kesho yake kuchukua kopi. Wenzake waliofanya kazi hiyo walikuchanganyia nyimbo ulizotaka, kumi na mbili kutoka kwa watu kumi na wawili. Yeye hakuchanganya. Ulichukua albamu nzima kwa mpangilio wake au ulikwenda kwa mwingine. Pia hakurekodi albamu yoyote ambayo hajaisikiliza mwenyewe pande zote mbili, akiwa amekaa, mikono mapajani, bila kushona wala kuchambua mchele.

Alikuwa mwanamke wa mjini, Mwislamu, mrefu, mwenye kanga zilizopigwa pasi. Watoto wake hatukuwajua majina, kwa hiyo hatukuweza kumwita mama fulani kama ilivyo desturi, ndipo jina la kazi likamkaa. Wakulima waliotoka Ibadakuli na vijiji vya mbele walimsalimia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye aliitikia vizuri kabisa, kisha akaendelea kwa Kiswahili kilichonyooka, kama mtu aliyefungua mlango akarudi kukaa mahali pake.

Aliniambia mara nyingi kwamba hapendi muziki. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. "Sipendi muziki," alisema, "napenda kujua mtu alikusudia nini." Nyumbani kwake hakukuwa na deki ya kanda. Kulikuwa na redio ndogo aliyoifungua kwa matangazo ya vifo na taarifa ya habari, akaifunga.

Kuna siku muuguzi wa hospitali ya Kolandoto alikuja kutafuta albamu ya mwanamke mmoja wa Ulaya aliyeimba na gitaa peke yake. Sikumbuki albamu ile iliingiaje Shinyanga. Nadhani iliachwa na mgeni wa misheni. Ilikuwa na nyimbo tulivu, na katika wimbo mmoja kiti kilisikika kikilia mwimbaji alipojisogeza. Mama Kaseti aliithamini kwa sababu ya kiti kile. "Huyu anaimba akiwa kwake," alisema. "Wengine wote wanaimba wakiwa kwa watu." Muuguzi alitaka wimbo wa tatu tu, urudiwe mpaka kanda iishe.

"Sifanyi hivyo, dada."

"Si kanda yangu?"

"Kanda yako, ndiyo. Mgonjwa akija kwako na miguu miwili, unatibu mmoja?"

"Kama unauma mmoja, natibu huo mmoja," alisema muuguzi.

Fundi baiskeli wa jirani alicheka mpaka akaangusha spana. Mama Kaseti alifikiri kidogo. "Umenishinda kwa maneno," alisema. "Lakini sirekodi." Muuguzi alichukua albamu nzima. Kila aliponiona mjini baadaye alilalamika kwamba sasa anapenda na wimbo wa saba, na kwamba kwa hilo hatamsamehe yule mama.

Hukumu zake zilikuwa fupi, nasi tulizichukua pamoja na kopi kama vile ni sehemu ya bei. Ilipofika albamu ya kwanza ya vijana wa Dar es Salaam walioimba kwa kufoka, mimi niliisikiliza nikiwa nimesimama. Sikuwa nimewahi kusikia Kiswahili kikienda kwa mwendo ule, silabi zikigonga kama mbegu za pamba zinapodondoka kwenye trei ya bati. Nilimwambia nimefurahi. Alisema upande wa A vijana wale wanazungumza na mtu wanayemjua, upande wa B wanazungumza na kila mtu, ndiyo maana wanapiga kelele. Nilirudi nyumbani nikaisikiliza tena ili nimpinge. Alikuwa sahihi kuhusu upande wa B, ingawa mpaka leo naupenda.

Kuhusu wafokaji wa Marekani, Kiingereza hakukijua hata kidogo, na hilo halikumzuia kutoa hukumu. Baba mmoja, mwalimu wa madrasa, mtu wa heshima, alikuja kibandani baada ya kumkuta mwanawe na kanda ya namna hiyo. Alikuwa ameuliza watu, akaambiwa imejaa matusi. Mama Kaseti alimwamkia, akamvutia kiti.

"Unamrekodia mwanangu matusi," alisema mwalimu bila kukaa.

"Inawezekana ni matusi, sikatai. Kaa usikilize upande mmoja, kisha unisute vizuri."

Mwalimu alikaa. Alisikiliza upande wote, fimbo ikiwa kati ya magoti. Uliponyamaza alisema, "Ni matusi."

"Ni matusi. Lakini umesikia anavyovuta pumzi? Huyu kijana anaogopa kitu."

"Anapaswa kuogopa," alisema mwalimu, akaichukua kanda ya mwanawe akaitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka. Mwanawe alinieleza kwamba hakuiona tena kanda ile nyumbani, lakini tangu siku hiyo betri za redio-kaseti ya baba yake zilikuwa zikiisha haraka.

Si kwamba hakukosea. Kosa lake kubwa liliuhusu mji mzima, na mimi nilishiriki.

Ilikuja albamu kutoka Ulaya iliyopigwa karibu yote kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Mimi niliipenda sana. Pigo lake lilikuwa sawasawa, bila kuchoka, kama mitambo yetu ya kiwandani siku pamba ikiwa kavu. Mwimbaji alikuwa na sauti nzito, yenye huzuni, ya mwanamume wa makamo. Mama Kaseti alisema ni safi mno, kama sahani ambayo haijaliwa, ila yule bwana ameachwa na mkewe na anajizuia asilie. Tuliafikiana kuhusu huzuni hiyo. Albamu ilienea. Ilipigwa kwenye harusi, kwenye saluni, kwenye mabasi ya Kahama. Kulikuwa na vijana waliojifunza kutembea kwa pigo lake, polepole, mabega nyuma.

Karibu mwaka mzima baadaye mfanyabiashara wa Kihindi wa ng'ambo ya barabara, aliyemuuzia Mama Kaseti kanda tupu na kuwauzia wengine vitambaa na chemli, alipokea orijino nyingine ya albamu ileile kutoka kwa shemeji yake wa Mwanza. Aliipiga dukani. Nyimbo zilikuwa zinakimbia. Na mwimbaji alikuwa mwanamke.

Watu walikusanyika mlangoni kwake. Wakasema ni feki, kwamba huyo ni mtoto ameiga. Mfanyabiashara alivuka barabara na kanda mkononi, akasema kwa upole, "Jirani, mimi sisemi kitu. Sikiliza tu."

Alisikiliza. Kisha alinituma nifungue deki yake ya kupigia. Mkanda wa mpira uliokuwa ndani, unaozungusha gurudumu, ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Kwa muda mrefu alikuwa akipiga orijino zake polepole na kuzirekodi hivyohivyo. Sote tulikuwa tumemhurumia mume ambaye hakuwepo.

Nilitarajia aone haya. Alisema tu, "Huzuni ilikuwa ya mpira, basi." Nilinunua mkanda mwingine, nikaubadilisha. Alibandika tangazo kwamba yeyote aliyerekodi albamu ile kwake airudishe, atarekodiwa upya bure. Alikuja mtu mmoja tu, naye baada ya siku tatu aliirudisha akiomba ile ya zamani. Watu wa Shinyanga walikuwa wameizoea ikiwa polepole na hawakuitaka ya haraka. Mwishowe aliweka zote mbili rafuni, na mteja alipoomba, alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ya kwao au ya hapa?"

Tangu hapo nilimwamini zaidi. Alikuwa na msimamo mkali kuhusu kila jambo dogo, lakini alipokosea mbele ya stendi nzima hakujitetea hata kwa neno moja.

Sasa narudi kwenye kanda ya mchimbaji.

Ilikuwa kanda ya kwanza ambayo haikuwa kopi ya kazi ya mtu mwingine. Mama Kaseti aliwapigia watu wachache, kibandani tu. Wakulima waliokuja mjini kuuza pamba walisimama na mizigo kichwani mpaka upande ukaisha. Muuguzi wa Kolandoto aliisikiliza, na safari hii hakuchagua wimbo. Mama Kaseti alinunua katoni nzima ya kanda tupu kutoka ng'ambo ya barabara, akaipanga chini ya meza akingojea upande wa pili. Alisema itakuwa albamu ya kwanza kutoka kibanda chake, na atakuwa na haki ya kuiita "orijino yangu". Sikuwa nimemsikia akisema "yangu" kuhusu kitu chochote cha muziki kabla ya hapo.

Mavuno yalipita. Mchimbaji hakurudi. Wachimbaji waliopitia stendi walileta habari tofauti: yuko Geita, duara lake la kuchimbia limejaa maji, yuko Katoro, kuna dhahabu imeonekana mahali, wote wamekimbilia huko. Mfanyabiashara wa ng'ambo alimshauri afanye kama wanavyofanya wote.

"Jaza huo upande na muziki wa vijana, jirani. Watu watanunua pande zote."

"Huyu kanijengea chumba. Nimuweke mpangaji kabla hajarudi?"

"Hatarudi."

"Hilo si neno la mtu aliyeniuzia katoni nzima," alisema, na mfanyabiashara akacheka akaenda zake.

Mimi nilijaribu kwa mzaha. Bei ya albamu kwake, kanda ikiwa yake, ilikuwa shilingi mia nane. Nilimwambia, "Basi niuzie upande huo mmoja kwa mia nne."

Hakucheka. "Sina nusu kanda," alisema. "Mtu hawezi kusema nusu ya neno lake mimi nikauza."

Vijana wawili waliokuja kutoka Mwanza walifungua duka la kurekodi lenye spika kubwa mlangoni, na walichanganya nyimbo kwa oda. Umeme ulikatika mara nyingi miaka ile, na wao walikuwa na jenereta. Wateja wa Mama Kaseti walipungua. Aliziuza baadhi ya orijino zake, kuanzia na zile alizozisifu zaidi, kwa sababu alisema hizo anazikumbuka. Katoni ya chini ya meza hakuigusa. Kanda tupu zilikuwa na soko kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, naye hakuuza hata moja. Asubuhi moja nilikuta kibanda kimefungwa, na fundi baiskeli akaniambia amepanda basi la Runzewe, upande wa machimbo, na mizigo yake. Mjini walisema amefuata pesa za wachimbaji. Sikuwa na sababu ya kubisha, ila nilijua kwamba alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia vumbi kwa ajili ya pesa tu.

Nilimuona tena miaka mitatu baadaye. Kiwanda chetu kilikuwa kimefungwa na mimi nilikuwa nikizunguka minadani kuuza vipuri vya baiskeli. Huko Runzewe, nyuma ya safu ya wauza dagaa, nilikuta turubai, meza, deki mbili zinazotumia betri ya gari, na yeye amekaa, mikono mapajani, akisikiliza. Kanga ilikuwa imepigwa pasi. Nilingoja upande uishe ndipo nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Bado hukohoi."

Wachimbaji watatu waliotoka karashani, kwenye mashine za kuponda mawe, weupe kwa vumbi, walifika na kutaka nyimbo za kuchangamsha, mchanganyiko.

"Sichanganyi."

"Mama huyu mgumu kama mwamba," alisema mmoja.

"Mwamba si ndiyo kazi yenu?" alijibu. Walicheka, wakachukua albamu nzima, wakalipa.

Walipoondoka nilimuuliza kama alimpata mwimbaji. Alisema alimpata mwaka uleule wa kwanza. Alikuwa hapohapo Runzewe, ameacha uchimbaji, anauza vitunguu, amenenepa, ana mke. Gitaa alilitoa debe akachotea maji.

"Nikamuuliza, za upande wa pili ziko wapi?" alisema. "Akacheka kwa aibu. Akasema, 'Mama, hazikuwapo. Nilikuwa na zile sita tu. Zilipoisha nilikuwa nimemaliza.' Nikamuuliza, mbona uliniambia utazileta? Akasema, 'Ulikuwa umeshaigeuza kanda. Ningekwambia nini?'"

Muuza dagaa alikuwa anagombana na mteja wake kuhusu kipimo.

"Umri huu wote nawafundisha watu wasikilize mpaka mwisho," alisema. "Yeye alifika mwisho mbele yangu, mimi nikageuza kanda."

Hakulisema kwa majonzi. Alilisema kama alivyosema kuhusu ule mpira wa deki uliolegea. Kisha aliinama akatoa katoni chini ya meza. Ilikuwa ileile, na ndani yake zilibaki kanda chache. Alinipa moja. Upande wa A ulikuwa na nyimbo sita. Upande wa B haukuwa na kitu.

Niliigeuza nikaangalia mgongoni. Kanda huwa na vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande, na ukivunja kijino, upande huo haurekodiki tena. Watu huvunja cha upande wenye muziki ili usifutike. Yeye alikuwa amevunja vyote viwili.

"Wataziba tundu kwa karatasi warekodi vyao," nilimwambia.

"Wazibe. Lakini watakuwa wamejua."

Nilimuuliza kama mashine ya kusaga bado imo kwenye wimbo wa sita. Alisema imo, kwa nini itoke, ilikuwapo.

Nilikumbuka mzaha wangu wa zamani. Nilihesabu sarafu nne za mia nikaziweka mezani, nikamtazama. Hakuzigusa. Aliziangalia, kisha akaniangalia, akangoja kama alivyozoea kungoja wimbo unaofuata.

"Ni nzima," alisema.

Niliongeza nne nyingine. Ikawa shilingi mia nane.